SOMO LA ROBO HII: Shilingi 25,000 Inapogeuka 25
Jinsi ya kutafuta makosa katika skripti za Perl za tovuti ya parokia



Parokia na vikundi vingi vya maendeleo vilipata tovuti zao za kwanza miaka ya 2000. Mara nyingi alikuja kijana wa kujitolea, akatengeneza kurasa chache pamoja na fomu ya kupokea ahadi za michango, kisha akaondoka. Fomu hiyo kwa kawaida iliendeshwa na skripti, yaani programu fupi, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Baadhi ya fomu hizo zinafanya kazi hadi leo. Siku zinapogoma, katibu wa parokia hajui aanzie wapi, na waliotoa ahadi hawajui kama zimefika.

Somo hili ni kwa ajili ya katibu huyo na kwa kamati inayomsimamia. Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni: kamati ya parokia moja katika kata ya Sigino, Babati Mjini, inakusanya ahadi za kujenga tanki la maji ya mvua. Makosa tutakayoyaeleza si ya kubuni. Kila anayeanza kuandika Perl hukutana nayo.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kutambua makosa yanayoisimamisha fomu na kuyarekebisha kwa mpangilio;
- kutambua makosa yasiyoisimamisha fomu lakini yanaharibu hesabu;
- kuiwekea kamati utaratibu wa kuhakiki kila mwezi.

1. Perl ni nini?

Perl ilitolewa mwaka 1987 na Mmarekani Larry Wall. Wall alisomea isimu, yaani elimu ya lugha. Yeye na mke wake walikuwa na nia ya kwenda kuishi na watu ambao lugha yao haijaandikwa, waiwekee maandishi na kutafsiri Biblia. Kwa sababu za afya mpango huo haukutimia, naye akaingia katika kazi ya kompyuta. Jina alilolikusudia ni lulu kwa Kiingereza, na linakumbusha mfano wa lulu katika Injili ya Mathayo. Kwa kuwa kulikuwa na lugha nyingine ya kompyuta yenye jina hilo, aliondoa herufi moja. Sisi wa Babati, tunaosikia Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe na Kirangi katika soko moja, tunaweza kuelewa nia ya mtu huyo.

Mwaka 1993 ulianzishwa utaratibu uitwao CGI. Kwa utaratibu huo, mtu akijaza fomu kwenye tovuti, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) huiamsha skripti na kuikabidhi yale yaliyojazwa. Skripti huyasoma, huyaandika kwenye faili, humwandikia mtu jibu, kisha hulala. Ni kama karani wa dirishani: hupokea, huandika daftarini, hutoa risiti. Perl ilipendwa sana kwa kazi hii.

Hii hapa ni skripti ndogo ya mfano wetu, tuiite mchango.pl:

#!/usr/bin/perl
use strict;
use warnings;
use CGI;
my $fomu = CGI->new;
my $jina = $fomu->param('jina');
my $kiasi = $fomu->param('kiasi');
print "Content-type: text/html; charset=utf-8\n\n";
print "Asante, tumepokea ahadi yako.";

Majina yanayoanza na alama ya $ ni vyombo vya kuwekea taarifa. Mistari ya "use strict" na "use warnings" ni walinzi wawili: wa kwanza hukataa majina yasiyotangazwa, wa pili hutoa onyo panapo jambo la kutilia shaka. Skripti nyingi za zamani hazina walinzi hawa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwaweka.

2. Makosa yanayopiga kelele

Mtu anabonyeza "Tuma", na badala ya asante anaona maneno "500 Internal Server Error". Kwa kawaida maana yake ni kwamba skripti imeshindwa, na seva haitaki kumweleza mgeni sababu. Sababu yenyewe imeandikwa kwenye faili la kumbukumbu za makosa. Usiguse kitu kabla ya kusoma mistari ya mwisho ya faili hilo. Kama hulioni kwenye ukurasa wa usimamizi wa tovuti yako, omba kampuni inayohifadhi tovuti ikuonyeshe lilipo.

Kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio. Kwanza weka nakala ya skripti pembeni, na kila mara badilisha jambo moja tu kabla ya kujaribu tena.

(a) Kagua sarufi. Andika amri hii:

perl -c mchango.pl

Jibu likiwa "syntax OK", sarufi ni nzuri. Likitaja namba ya mstari, tazama mstari huo na ule ulio juu yake. Mara nyingi nuktamkato (;) imesahaulika mwishoni mwa mstari wa juu, na Perl hugundua tatizo inapofika wa chini.

(b) Kagua mstari wa kwanza. Mstari huu huiambia seva mahali Perl ilipo, na lazima uanze na alama #! bila nafasi wala mstari mtupu juu yake. Kuna mtego hapa kwa wanaoandika kwenye Windows. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, lakini seva za Linux hutumia moja. Ile ya ziada hubandikwa kwenye jina la Perl, na seva husema faili halipo wakati unaliona kwa macho yako. Unapopeleka skripti kwa FTP chagua namna ya maandishi, yaani ASCII, au tumia programu ya kuandikia inayokuruhusu kuchagua miisho ya mistari ya Unix. Programu nyingine huweka pia alama iliyofichika mwanzoni kabisa mwa faili. Hifadhi kwa UTF-8 isiyo na alama hiyo, iitwayo BOM.

(c) Kagua ruhusa. Skripti inahitaji ruhusa ya kuendeshwa:

chmod 755 mchango.pl

Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Kwa hiyo 7 ni ruhusa zote, na 5 ni kusoma na kuendesha tu. Usikubali ushauri wa kuweka 777. Hapo unampa kila mtu kwenye seva uwezo wa kuibadilisha skripti yako, na seva nyingi hukataa kuendesha skripti ya namna hiyo.

(d) Kagua kichwa cha jibu. Kabla ya neno lolote, skripti lazima itoe mstari wa "Content-type" na mstari mtupu baada yake. Ndiyo maana mfano wetu una \n mbili. Ikikosekana moja, faili la kumbukumbu litasema vichwa vimekatika kabla ya wakati.

(e) Kagua kama moduli ya CGI ipo. Kwa miaka mingi moduli hii ilikuja pamoja na Perl. Tangu toleo la 5.22 la mwaka 2015 imeondolewa, na ni lazima isakinishwe peke yake. Hii ndiyo sababu fomu iliyofanya kazi miaka mingi inaweza kufa usiku mmoja bila mtu kuigusa: kampuni imeboresha seva yake. Ujumbe utakaouona huanza na "Can't locate CGI.pm". Iombe kampuni isakinishe moduli hiyo kutoka CPAN, hazina ya moduli za Perl.

(f) Kagua ritifaa na alama ya @. Haya ni makosa ya sarufi yanayompata sana mtu anayeandika Kiswahili. Sigino ni nchi ya wakulima na wafugaji, na ahadi nyingine huja kwa mifugo. Karani anaandika:

print 'Aina ya ahadi: ng'ombe';

Perl inaona maneno yamefungwa baada ya "ng", na "ombe" imebaki nje. Tumia alama mbili badala ya moja:

print "Aina ya ahadi: ng'ombe";

Alama mbili nazo zina sharti lake. Ndani yake Perl hudhani @ ni mwanzo wa jina la orodha. Ukiandika "katibu@example.org", mlinzi strict atakataa. Bila mlinzi, mgeni atasoma "katibu.org", na barua yake haitakufika. Andika "katibu\@example.org".

Kwa wenzetu wanaotumia bando la simu, kazi kubwa ya hatua hizi hufanyika bila intaneti. Kompyuta nyingi za Linux huja na Perl tayari, na kwa Windows ipo Strawberry Perl isiyo na malipo. Moduli ya CGI ikiwepo, unaweza kuijaribu fomu kwenye kompyuta ya ofisi kwa amri:

perl mchango.pl jina=Mama kiasi=25000

3. Makosa yanayonyamaza

Makosa ya sehemu iliyopita yanaudhi, lakini hayamdanganyi mtu. Fomu imegoma, kila mmoja amejua, na hakuna anayedhani ahadi imepokelewa. Hatari kubwa iko kwa fomu inayosema "Asante" huku imeharibu hesabu. Tafadhali kamati isome sehemu hii hata kama itaruka nyingine.

Kosa la kwanza: mkato ndani ya namba. Sisi huandika 25,000 au 25,000/=. Perl ikitakiwa kujumlisha, husoma tarakimu kutoka kushoto na kusimama inapokutana na alama isiyo ya namba. Kwake 25,000 ni 25. Tazama ahadi nne:

25,000 inasomwa 25
10000/= inasomwa 10000
Tsh 5000 inasomwa 0
40,000 inasomwa 40

Jumla halisi ni shilingi 80,000. Jumla ya Perl ni 10,065. Hakuna kilichogoma, na hakuna ujumbe kwenye kioo. Mama aliyeahidi 25,000 kutoka kwenye mauzo ya mahindi yake anasomwa kuwa ameahidi shilingi 25. Siku taarifa inapobandikwa ubaoni hataitilia shaka kompyuta. Ataitilia shaka kamati.

Mlinzi warnings akiwepo, kila kosa la namna hii huandikwa kwenye faili la kumbukumbu kwamba "25,000" si namba. Lakini dawa yenyewe ni kusafisha na kukagua kabla ya kujumlisha:

$kiasi = '' unless defined $kiasi;
$kiasi =~ s/[,\s]//g;
$kiasi =~ s/\/=$//;
if ($kiasi !~ /^[0-9]+$/) {
    # mrudishie fomu aandike tarakimu tupu
}

Mstari wa pili unaondoa mikato na nafasi, wa tatu unaondoa /= ya mwisho, na wa nne unakataa chochote kilichobaki kisichokuwa tarakimu tupu. "Elfu kumi", "15.000" na "Tsh 5000" vitarudishwa kwa mwenyewe. Usijaribu kumkisia. Kisha mwonyeshe kiasi ulichokielewa na umwombe athibitishe kabla hujakiandika.

Kosa la pili: kulinganisha maneno kama namba. Karani anataka kuhesabu ahadi za Sigino peke yake, anaandika:

if ($kata == "Sigino")

Alama == ni ya namba. Perl inageuza neno "Sigino" kuwa namba na kupata 0. Neno "Bonga" nalo ni 0, "Singe" ni 0, "Maisaka" ni 0. Zote ni sawa, na ahadi za kata zote zinahesabiwa kuwa za Sigino. Kwa maneno tumia eq:

if ($kata eq "Sigino")

Ukiweka = moja tu ni vibaya zaidi, kwa sababu hapo hulinganishi. Unaamuru kata ya kila mtu iwe Sigino. Perl inaweza kukuonya na kukushauri ==, lakini kumbuka ushauri huo ni wa namba. Kwa jina la mahali au la mtu, eq ndiyo sahihi.

Kosa la tatu: kushukuru kabla ya kuandika. Skripti nyingi hufungua faili bila kuhakikisha kwamba limefunguka. Nafasi ya diski ikijaa au ruhusa ikibadilika, hakuna kinachoandikwa, na mtoaji bado anasoma "Asante". Andika hivi:

open(my $daftari, '>>', '/home/parokia/data/ahadi.txt')
    or die "Daftari halikufunguka: $!";
print $daftari "$jina|$kiasi\n" or die "Haikuandikwa: $!";
close($daftari) or die "Haikufungwa: $!";

Maneno "or die" huigeuza fomu inyoshe mkono na kusema imeshindwa. Weka mistari hii juu ya ile ya kutoa jibu, ili shukrani itoke tu kama ahadi imeandikwa. Ni heri mtoaji aone 500 na kupiga simu ofisini, kuliko apewe risiti ya hewa.

Angalia pia alama >> mbili. Maana yake ni "ongeza mwishoni". Ukiweka > moja, Perl hulifuta daftari lote na kuanza upya. Ahadi za miezi sita hupotea kwa mtu mmoja kubonyeza "Tuma". Na kama watu wawili wanaweza kutuma kwa wakati mmoja, skripti ifunge daftari kwa amri ya flock kabla ya kuandika, ili mistari isichanganyike.

4. Siri za watu

Faili la ahadi lina majina, na pengine namba za simu. Lisikae ndani ya folda ya kurasa za tovuti, kwa kuwa mtu akibahatisha jina lake atalisoma lote. Hii si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Wanaojifunza hufundishwa pia mstari huu, unaoleta ujumbe wa kosa kwenye kivinjari:

use CGI::Carp qw(fatalsToBrowser);

Unasaidia wakati wa kutafuta kosa. Uondoe ukimaliza, maana huwaonyesha wageni njia za mafaili yako.

Na kama tovuti yenu inatumia FormMail, skripti ya mwaka 1995 ya Matt Wright iliyosambaa duniani kote, ibadilisheni. Matoleo yake ya zamani yana mwanya ambao watuma barua taka waliutumia kwa miaka mingi kutuma barua kupitia seva za watu wengine.

5. Kazi ya kamati na ya wafadhili

Mwanakamati hahitaji kujua Perl ili kulinda hesabu. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, daftari la mkono lisiachwe. Kila ahadi ya fomu iandikwe pia kwenye daftari la risiti, na mara moja kwa mwezi watu wawili walinganishe jumla hizo mbili.

Pili, kila robo mtu mmoja ajaze fomu kwa makusudi: aandike 1,000, kisha 1000/=, kisha "elfu moja". Kamati ione kilichoandikwa kwenye faili, kisha majaribio yafutwe.

Tatu, neno la siri la tovuti, jina la kampuni inayoihifadhi na tarehe ya kulipia vijulikane na watu wawili wa kamati, si kijana mmoja ambaye kesho atahamia Arusha au Dodoma.

Nne, tunasema na wafadhili wetu. Ni rahisi kupata fedha za kutengeneza tovuti, na ni vigumu kupata za kuitunza. Unapochangia fomu ya ahadi, weka pia kiasi kidogo cha kila mwaka cha kumlipa fundi aikague. Na kama parokia inaanza leo bila skripti yoyote, ijiulize kwanza kama inaihitaji. Daftari, simu na risiti zilizoandikwa vizuri zinaweza kutosha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, tovuti yetu ina fomu? Nani aliitengeneza, na nani anaweza kuifungua leo?
2. Mara ya mwisho tulilinganisha lini jumla ya kompyuta na jumla ya daftari?
3. Mtu akituma ahadi na isifike, atajuaje? Sisi tutajuaje?
4. Faili lenye majina ya watoaji liko wapi, na nani anaweza kulisoma?

Zoezi. Katibu aandike 25,000/= kwenye fomu ya parokia kabla ya kikao kijacho, na aje na kile alichokikuta kwenye faili. Kikao kianze na taarifa hiyo.